Nilivyotuma Habari za Mche Mpya Kabla Binti Yangu Hajamaliza

Namshukuru Mungu aliyeniachia macho ya kusoma na vidole vya kuandika katika umri huu, akanipa na binti anayechunguza miche ya chai. Mvua anayoinyesha hapa Sosiot imenilisha maisha yangu yote.

Binti yangu alikuwa azungumze kwa mara ya kwanza mbele ya mkutano wa wanasayansi, katika hoteli moja mjini Kericho. Baada ya maombi ya kufungua, mwenyekiti aliwasihi wenye simu watume habari mtandaoni papo hapo, ili walio mbali wafuate. Vijana walioketi mbele yangu waliandika bila hata kutazama vidole vyao.

"Baba, wewe kaa tu usikilize," binti yangu aliniambia, akininyooshea kola ya koti.

Lakini kazi hiyo niliijua. Mimi ni mzee wa kanisa, na kwa miaka kadhaa nimewatumia wagonjwa mahubiri kwa simu, sentensi baada ya sentensi, mhubiri akiwa bado amesimama. Sijawahi kulazimika kufuta neno.

Alipopanda jukwaani alionyesha mchoro: mche mpya ulikuwa umeushinda ule wa zamani kwa majani, hata wakati wa kiangazi. Nikapiga picha, nikaituma kwa kundi la wakulima wa kituo chetu cha kuuzia majani. Nikaandika: "Mche mpya umeshinda. Bwana asifiwe."

Amina zikamiminika. Katikati yake kulikuwa na ujumbe wa jirani yangu, mjane mwenye shamba ng'ambo ya kijito: "Mzee, ukisema wewe nimeamini. Leo niko na watu wa jembe hapa. Wacha waanze kung'oa ile ya zamani."

Nikafurahi. Kisha binti yangu akaleta mchoro wa pili. Kwa sauti ileile ya upole alisema hayo yalikuwa matokeo ya shamba moja tu, kwa misimu miwili, na miche bado ni michanga. Mkulima asing'oe chochote kwa sasa.

Mhubiri hulitaja neno lake na kulikazia mpaka mwisho. Kumbe mwanasayansi hulitaja lake, halafu hulihoji yeye mwenyewe mbele ya watu. Mimi nilikuwa nimetuma nusu, na chai hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wa yule mama.

Niliandika neno moja, "Ngojeni!" lakini amina zikazidi kulifunika. Nikatoka nje, nikampigia.

"Mzee! Tumefika kichaka cha nne," alisema akihema.

"Mama, wasimamishe! Waweke jembe chini."

"Si ni wewe umeandika?"

"Niliandika kabla hajamaliza kusema. Huo mche bado unajaribiwa."

Nikamsikia akiwapigia watu wake kelele waache. Kisha akarudi kwa simu: "Kumbe siku hizi unatangaza ibada na hujafika kanisani?"

Makofi yalisikika ukumbini. Nilikuwa nimekosa mwisho wa hotuba ya mtoto wangu.

Alinikuta kwenye ngazi, nikamweleza yote. Nilitarajia aone aibu kwa ajili yangu. Aliketi kando yangu na nguo zake nzuri, akachukua simu, akasema, "Haya Baba, tuandike pamoja. Tuanze na yale nisiyoyajua." Tuliandika polepole. Nikatia jina langu chini, nikaongeza kwamba kosa ni langu.

Asubuhi iliyofuata nilivuka kijito. Vichaka vinne vililala ubavu, mizizi juu. Niliomba msamaha nikiwa nimevua kofia. Mjane alivitazama, akanitazama, akasema hapo atapanda sukuma wiki na kwamba nitakuja kulima mimi mwenyewe. Nikakubali. Alinitilia chai ya maziwa, akaniomba niibariki.

"Na uombe mpaka mwisho," alisema, "ndipo niseme amina."

Nawe unayesoma, Mungu akupe subira ya kusikiliza hadi neno la mwisho, akupe na jirani wa kupokea simu yako unapokosea. Shamba lako lichipuke, na amani ikae nyumbani mwako.