Mpwa Wangu na Nyuzi Tisini na Saba

Mpwa wangu hana mchezo. Nasema hivyo mimi mjomba wake, niliyeachana na shule darasa la sita kwa makubaliano mazuri na mwalimu mkuu: yeye hakunitaka, nami sikung'ang'ania. Binti huyu huunganisha video za harusi kwa kompyuta ya nyumbani, chumbani kwake, iliyobanwa kati ya kitanda na kabati. Mtaani wanamwita Kipimajoto, na jina hilo lilizaliwa mbele ya macho yangu.

Ilikuwa Jumapili mchana, kazi yake ya kwanza ya watu wa nje. Maharusi walikuwa wanasafiri jioni ile ile, na walitaka kuitazama harusi yao pamoja na bibi yake bwana harusi, ambaye miguu ilimzuia kwenda harusini. Basi bibi akaletwa kwetu sebuleni, na ukoo mzima nyuma yake. Kilichobaki ni kompyuta kuipika ile video iwe faili moja. Ikafika nusu, paa! Kioo cheusi. Binti akaiwasha, akaanza upya. Ikafika nusu, paa!

"Virusi hivyo," nikasema kitaalamu.

"Mjomba, virusi umevijulia wapi?"

"Nimevisikia kwa watu wakubwa."

Sebuleni mama wa biarusi akakohoa kile kikohozi cha mtu aliyechoka kusubiri. "Tungempa tu yule wa studio," akanong'ona, mnong'ono uliofika hadi jikoni. Mpwa wangu akiaibika leo, nani atampa harusi tena?

Akafungua kiprogramu kinachoonyesha joto la ndani ya kompyuta. Ilipotulia, nyuzi hamsini na tano. Akaanzisha kazi. Sabini. Themanini na mbili. Tisini na moja! Moyo wangu ukaenda mbio kama natazama penalti. Tisini na saba!

Akaisimamisha mwenyewe. "Hakuna virusi, mjomba. Inachemka. Inajizima ili isiungue."

"Tuitie kwenye friji!"

"Mjomba!"

"Barafu kidogo tu, kwenye mfuko..."

"Mjomba, kaa chini."

Akapeleka mkono nyuma ya kompyuta, akauondoa upesi kama aliyegusa pasi. Sasa nikwambie: kompyuta ilikuwa imevaa koti. Sitanii. Dada yangu ni fundi cherehani, na wiki ile aliishonea koti la kuzuia vumbi, lenye bitana na vifungo, tundu la swichi, na matundu ya nyaya. Lilikaa kama suti ya bosi. Matundu ya hewa tu ndiyo hakuyaweka. Tangu lini fundi wa heshima akamwacha mteja mgongo wazi?

"Mama, naivua."

"Uivue? Koti nimelishona kwa kipimo!"

"Inapumulia mgongoni, mama."

Dada akazitazama zile namba, akamtazama binti yake. Akapiga magoti akafungua vifungo mwenyewe, haraka haraka, kama anayemvua mtoto aliyelowa. Binti akafungua ubavu wa kompyuta. Nami, maana bila mimi nyumba hii ingekuwa wapi, nikaburuta feni kubwa kutoka sebuleni. Wageni wakaufuata upepo wao, na bibi akabebwa na kiti chake mpaka mlangoni.

Kazi ikaanza tena. Sabini. Sabini na nne. Sabini na sita.

"Inapanda?" bibi akauliza.

"Imegoma kupanda, bibi!"

Ikapita nusu! Watu wakaanza kuhesabu asilimia kwa sauti, na aliyepiga kelele kuliko wote ni nani? Mama wa biarusi, yule yule aliyemtaka wa studio. Mia! Vigelegele vikatikisa mabati.

Harusi ikatazamwa pale pale, hakuna aliyekumbuka sebule. Bibi alipomwona mjukuu wake akikanyaga shela la mkewe, alicheka mpaka meno ya bandia yakaomba ruhusa kutoka.

Mama wa biarusi akamshika mpwa wangu mkono. "Nina binti mwingine. Harusi yake ni yako, Kipimajoto."

"Mchumba yupo?" nikadakia.

"Bado."

"Basi mtafutieni upesi, mama. Fundi wa video anasubiri."