Maumivu Yaliyopoa Nikiinama

Saa ya mkononi niliisikia mara ya kwanza shuleni kijijini Gare, nikiwa darasa la pili, ambalo pia ndilo darasa langu la mwisho. Mwalimu aliniwekea sikioni ili ninyamaze. Nikanyamaza kweli. Mchana kutwa nikawa najishika kifua, nione kama na mimi ninayo. Tangu hapo mapigo yangu nayajua, na uzeeni yalipoanza kurukaruka kama mbuzi aliyekata kamba, sikungoja kuambiwa.

Hospitalini Dar walinipitishia waya mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, wakachoma kidogo pale palipokuwa pakivuruga mapigo. Yakatulia. Daktari, binti mdogo lakini ana amri, akasema mara chache sana, baada ya kuchomwa hivyo, maji hujaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo, yakaubana. "Kifua kikiuma au pumzi ikikata, babu, usingoje." Nikaitikia. Kuitikia ni rahisi.

Wiki ya pili nyumbani, nikilala chali kifua kinachoma kama msumari. Nikiinama, kinapoa. Sasa sisi wa milimani tunalima matuta tumeinama tangu utoto, nikajiambia dawa ni jembe. Siku tatu nikapalilia viazi, nikimcheka daktari kimoyomoyo. Mjinga mimi! Kuinama kulipunguza maumivu tu, maji yanazidi kujaa.

Siku ya nne mke wangu akaniletea uji, akanikuta nimeshika magoti, nahema.

"Baba watoto, midomo imekuwa ya kijivu!"

"Namalizia tuta hili."

"Utamalizia, au atamalizia mjane wako?"

Kaka yake, mtani wangu mkubwa, alikuwa tuta la juu. "Mwache, dada. Akifia hapo tumepumzika kuchimba, kaburi kashalianza mwenyewe."

Nikataka kucheka, pumzi haikuja. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Gari la kushuka Mombo limeondoka?" nikauliza.

"Linapakia kabichi," akasema shemeji, na utani umemtoka.

"Lizuieni. Naenda hospitali."

Maji yale walikuja kuyatoa kwa sindano ndefu, ndiyo maana nipo nasimulia. Lakini pale shambani sikujua kama nitafika. Walitaka kunibeba, nikakataa. Nikachomeka jembe udongoni, nikamshika shemeji bega, nikateremka tuta baada ya tuta, nikipumzika kila baada ya hatua chache. Viazi nusu vimepaliliwa, nusu bado. Shamba lile sijalikanyaga tena.