Maungamo ya Mama Pasi

Miaka ishirini na sita mwanamke huyu alifua vitambaa vya altare, hadi watu wakalisahau jina lake la ubatizo wakambakizia la kazi: Mama Pasi. Pasi yenyewe ilikuwa ya mkaa, na habari za pasi ya umeme hakutaka kuzisikia. Alisema umeme unakausha kitambaa bila kukifunza adabu. Watu walimcheka, lakini enzi zake kitambaa cha altare kilikuwa cha kitani, kimetiwa wanga kikasimama chenyewe, mikunjo imenyooka kama iliyopigwa rula. Leo wanatandika nailoni yenye maua ya kuchapwa, inafuliwa kwenye mashine pamoja na soksi za kwaya, na hakuna anayeona haya. Tuliache hilo.

Ilikuwapo sheria moja aliyofundishwa na masista wa zamani. Vile vitambaa vidogo vya kufutia kalisi, yaani kikombe cha Misa, na kile kinachotandikwa chini ya hostia, mkate wenyewe, havianzi na sabuni. Vinaloweshwa kwenye beseni lao peke yake, na maji ya kwanza hayamwagwi mtaroni yakachanganyika na maji ya masufuria. Yanamwagwa kwenye udongo safi, maana huenda chembe ya Mwili wa Bwana imebaki humo. Nyuma ya nyumba yake, kando ya ukuta, Mama Pasi alikuwa amezungushia mawe kipande cha ardhi upana wa ungo kwa kazi hiyo tu. Kuku aliyethubutu kuparua pale alikiona cha moto.

Binti yake, mtoto wa pekee, alikulia kwenye beseni hilo. Baba alikufa mapema, kwa hiyo walikuwa wawili na vitambaa vyao. Akiwa na miaka saba binti alijua kukamua kitani bila kukisokota. Akiwa na miaka ishirini na mbili alisimama mbele ya beseni lilelile akasema ana mimba, na mwanamume mwenyewe kahama. Wapo mama ambao wangepiga. Wapo ambao wangelaani, kisha wakakaa chini wakalia pamoja na mtoto, yakaisha. Mama Pasi hakuinua hata sauti. Alimwondolea kitambaa mkononi taratibu akasema, "Usiguse hivi tena." Kulipokucha kitanda cha binti kilikuwa kitupu. Ikapita miaka mitatu.

Siku ya mwisho ya mwaka, asubuhi, Mama Pasi alikuwa akinyoosha kitambaa kirefu cha sikukuu ya kesho yake, ya Maria Mama wa Mungu.

"Hodi hapa."

"Karibu," aliitikia kabla hajaitambua sauti.

Binti aliingia na mtoto wa kike ubavuni na mkoba mmoja begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Wakatazamana. Binti akaionyesha pasi kwa kidevu.

"Unaunguza."

Mama akanyanyua pasi haraka. Kitambaa kilikuwa kimepata rangi ya chai, kidogo tu, pembeni.

"Sikuja kukaa," binti alisema. "Nimefuata cheti changu cha ubatizo. Padri wa kule ninakoishi anakitaka ndipo ambatize huyu. Karani wa parokia amesema nirudi saa nane, na basi langu ni saa kumi. Nikaona si vizuri kukaa barabarani juani na mtoto."

"Kwa hiyo umefuata kivuli."

"Ulitaka niseme nimefuata nini?"

Mama akawawekea chai na mkate. Mtoto alimkagua kuanzia kilemba hadi ndala, kama mkaguzi wa shule.

"Huyu ni nani?"

"Ni bibi," binti alisema.

"Bibi wa nani?"

Mama akajifanya anachochea mkaa. Binti akajifanya anapoza chai.

"Bibi wa hapa," binti akamaliza.

Mtoto akaridhika, akashuka, akaanza kuzunguka chumba. Ukingoni mwa meza vilikuwa vimepangwa vitambaa vidogo tisa, vyeupe, kila kimoja na msalaba mwekundu wa kudariziwa. Akaunyooshea mmoja kidole chenye mabaki ya mkate.

"Usiguse."

Neno lilitoka lenyewe, kwa sauti ileile ya miaka mitatu iliyopita. Mtoto hakulia. Aligeuka akamtazama mama yake, kuuliza kama huku ndiyo desturi. Binti akamnyanyua.

"Twende tukakae nje."

"Nje kuna jua," mama alisema.

"Jua tumelizoea."

Ilipofika saa nane kasoro, binti alichukua mkoba na mtoto akaenda ofisini kwa karani. Hakuaga. Mama Pasi akapanga vitambaa kwenye kikapu akaelekea kanisani kwa njia nyingine.

Huo ulikuwa utaratibu wake wa kila mwaka: kukabidhi vitambaa sakristia, chumba cha vyombo vya ibada, kukaa mbele ya sanamu ya Bikira kuipekua roho yake, kisha kuungama, aingie mwaka mpya akiwa msafi. Zamani siku hiyo foleni ya kitubio ilifika hadi nje ya mlango, watu wazima wamevua kofia. Mwaka huo walikuwa watano, na mmoja anachezea simu.

Alikaa kwenye benchi kuhesabu makosa yake, na hesabu haikuenda. Alimtazama Mama na Mtoto wa plasta, akakuta anachokiona ni kile kidole chenye mkate. Ndipo akamwaza mwanamke ambaye Maandiko hayamtaji kabisa, ambaye mapokeo yanamwita Anna: mama yake Maria. Siku binti yake alipokuwa na mimba ambayo hakuna jirani angeielewa, yule mama alisema nini? Alikuwa na kazi gani mikononi saa ile, na aliiweka chini au aliendelea? Mama Pasi alikuwa amesali Rozari maisha yake yote, na swali hilo halijawahi kumjia. Akaliogopa. Zamu yake ilipofika alinyanyuka kwa nafuu.

Mambo ya kitubio Padri hasemi. Aliyeyasimulia ni mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwa yeyote aliyetaka kusikia.

Alipiga magoti akaanza. Alikuwa amemkasirikia jirani mara mbili. Alikuwa amesinzia wakati wa mahubiri.

"Mahubiri yangu?"

"Yako, Padri."

"Hilo kosa tugawane. Endelea."

"Na binti yangu amezaa nje ya ndoa."

Padri alikuwa mzee, pumzi zake zinasikika kwenye wavu uliowatenga. "Mama, hiyo uliniletea mwaka jana. Na mwaka juzi."

"Ndiyo, Padri."

"Siwezi kumwondolea mtu dhambi ya mwingine. Ya kwake atakuja nayo mwenyewe. Wewe ulifanya nini?"

"Mimi?"

"Wewe. Siku ile."

Nyuma yake mtu alikohoa kuhimiza.

"Nilimwambia asiguse vitambaa."

"Halafu?"

"Akaondoka."

"Akaenda wapi?"

"Sijui. Sikuuliza." Akashika wavu kwa vidole. "Padri, maji ya beseni lile miaka yote nayatafutia mahali safi pa kuyamwaga. Mwanangu sijui alilala wapi."

Padri hakumpa Rozari wala Baba Yetu kumi. Alimwondolea dhambi zake, kisha akasema, "Malipizi yako ni kwenda kumwambia yeye haya uliyoniambia."

"Basi linaondoka saa kumi, Padri."

"Sasa unangoja nini hapa?"

Mama Pasi alikwenda kituoni karibu na kukimbia, khanga inaburura. Basi lilikuwa limejaa, injini inaunguruma, na binti amekaa dirishani mtoto mapajani.

"Mama, unasafiri?" utingo alimwuliza.

"Sisafiri. Niache." Akashika ukingo wa dirisha.

"Umefuata nini?" binti aliuliza.

"Nimetumwa na Padri."

"Ahaa. Umetumwa."

"Nimetumwa. Na ilinipasa kuja bila kutumwa, asubuhi ileile nilipokuta kitanda chako kitupu." Abiria wa kiti cha nyuma waliacha kuzungumza. Mama Pasi aliwaona, akaendelea. "Nilikufukuza, mwanangu. Halafu nikawa naenda kuungama dhambi yako, mwaka hadi mwaka, nikirudi naona nimemaliza. Ya kwangu nimeitaja leo. Sikuuliza umelala wapi."

Binti alimsogeza mtoto mapajani.

"Nililala kwenye benchi la zahanati," alisema. "Siku mbili. Mlinzi alidhani naumwa."

"Siku mbili," mama alirudia.

"Siwezi kukusamehe hapa dirishani, mama. Nisikudanganye."

"Usinidanganye."

"Tunaondoka, sogea mama!" utingo alipiga bati.

"Ubatizo ni Jumapili ya pili ya mwaka mpya, saa tatu," binti alisema haraka, na kulitaja kanisa. "Utakaa kwenye benchi kama watu wengine. Kama nitakupa umshike, sijui."

"Nitakaa."

Basi likajivuta. Lilikuwa limeshafika getini ndipo Mama Pasi alipokumbuka kwamba tangu asubuhi hakuuliza mtoto anaitwa nani. Aliita, akapiga hatua kadhaa, lakini injini ilimeza sauti yake. Akasimama pale kwenye vumbi. Ibada ya ubatizo aliijua kwa moyo: huanzia mlangoni, na Padri kabla ya lolote huwauliza wazazi mtoto huyu wamempa jina gani. Jina hilo yeye angekuja kulisikia siku hiyo, pamoja na wageni wote.