Mzigo Ambao Mzee Hakuufungua

Mdogo wangu anaishi Marekani, mimi naishi Merrylands, hapa Sydney, na kule kambi ya wakimbizi Kigoma tulilala mkeka mmoja. Ukimwuliza yeye, ng'ambo ni ng'ambo: kinachouzwa madukani kwao kinauzwa na kwetu. Basi mzee mmoja wa kanisa letu la kambini, anayeishi naye mji mmoja, alipopata safari ya kuja Sydney kwenye harusi, mdogo wangu akampa boksi refu aniletee, limezungushiwa seloteipu kila upande. Hakumwambia kilichomo, na mzee hakuuliza. Kwetu mzigo wa mtu haufunguliwi njiani. Unaupokea ulivyofungwa, unaufikisha ulivyofungwa. Ukiuchungulia, umemdharau aliyekuamini. Mzee alilitia sandukuni mwake, na uwanja wa ndege walipomwuliza kama anajua vyote alivyobeba, akaitikia kwa kichwa.

Harusi ilipokwisha mzee akaja kulala kwangu, akanikabidhi boksi, na Jumamosi asubuhi nililifungulia gerejini. Bunduki! Halafu nikaona ncha yake ya rangi ya machungwa na paketi ya vidonge vyeupe vya plastiki, na papo hapo ukaingia ujumbe wa mdogo wangu kwenye simu. Anataka kufungua duka la bunduki za mchezo, zile ambazo watu huvaa miwani wakafukuzana nazo porini, na hii shotgani ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. "Kaka, wewe bunduki huijui kabisa. Ijaribu, uniambie kama inamfaa mtu anayeanza." Nilimtukana peke yangu, kisha nikaijaribu. Siwezi kudanganya, nilikuwa na hamu.

Haina betri wala gesi, ni springi tu. Kila unapotaka kupiga unavuta kishikio cha chini nyuma, unakirudisha mbele, ndipo unafyatua. Springi yenyewe ngumu; nilivuta mara chache tu, bega langu linalobeba maboksi wiki nzima kule ghalani Wetherill Park likaanza kulalamika. Plastiki ni nyepesi, na ina mshono unaokwaruza kiganja. Niliegemeza kadibodi ukutani. Ukisimama karibu vidonge vinaitoboa. Ukirudi mpaka mlangoni vinaanguka kabla ya kufika. Lakini hakuna cha kuchaji na hakuna kikubwa cha kuharibika. Kwa anayeanza si mbaya. Nisichokipenda ni ule mlio wa kuikoki. Ni plastiki, lakini mlio ni ule ule tulioukimbia kwetu.

Mlio huo ndio uliomleta binti yangu. Alisimama mlangoni, ametumbua macho.

"Dad, put it down! That's illegal here."

"Ni ya plastiki, mama."

"They don't care! Just look it up."

Nikatafuta kwenye simu. Kweli, katika jimbo letu kitu kile kinahesabiwa silaha, na kukiingiza nchini bila kibali ni kosa. Niliogopa, wala si kwa ajili yangu. Aliyekiingiza ni mzee, na mzee alikuwa jikoni kwangu anakunywa chai, kesho yake anarudi kwa watoto wake. Wakimzuia hapa, na umri ule, na Kiingereza hajui, nani angemtoa? Na kule Marekani uraia wake bado haujatoka. Nilimchukia mdogo wangu kwa moyo wote.

Nikashika msumeno. Nilitaka kuikatakata niitupe, basi, yaishe. Nilipogeuka nikamkuta mzee nyuma yangu, kikombe mkononi. Aliitazama bunduki, kisha akalitazama boksi, akalitambua.

"Njo ule muzigo?" Kwetu wazee husema "njo" kwa "ndio".

"Ndiyo, baba."

"Usikate. Ukikata, njo tumeficha. Ita polisi."

"Baba, watauliza nani aliileta."

"Basi utawaambia."

Nikapiga simu. Wakaniambia niiache chini, nisiibebe kwenda popote. Wakaja wawili, mwanamke na mwanamume. Yule mwanamke aliikagua, akaniuliza, "So how did it get into the country?"

Mkalimani nilikuwa mimi. Ningesema imekuja kwa posta, mzee asingejua. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mzee alikuwa ananiangalia usoni, na nadhani swali alilisoma hapo. Aliweka kikombe sakafuni, akasogea mbele ya yule askari, akamnyooshea mikono yote miwili, vifundo vimegusana, tayari kwa kufungwa. Hakuna aliyemwagiza. Alijua inavyofanywa.

"Mimi njo nilileta. Umuambie."

"Baba, ngoja kwanza..."

"Umuambie!"

Nikamwambia. Nikaeleza habari ya mzigo wa mtu, Kiingereza kikanikwama, binti yangu akamalizia huku analia. Askari yule aliitazama ile mikono.

"Please tell him to put his hands down," alisema taratibu. "He's not going anywhere with us."

Waliichukua bunduki na jina la mdogo wangu, wakanikaripia mimi barabara, wakaondoka. Kwa kuwa tuliita wenyewe, walisema jambo hilo litaishia hapo. Mzee angesafiri.

Kesho yake mke wangu akamletea mzee mzigo wa kumpelekea shemeji yake, yule mdogo wangu, umeshafungwa. Mzee aliupokea kwa mikono miwili, akaanza kuutia sandukuni vile vile. Nikauchukua, nikaukata kwa kisu. Aligeuzia uso dirishani.

"Muzigo ya mutu, mwanangu. Mbona unaniaibisha?"

"Tazama, baba."

Hakutazama. Nikatoa vitenge, nikatoa chai, nikatoa viatu vya mtoto, kila kimoja nakitaja jina na kukiweka kitandani. Sikufunga, nilisubiri. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu. Alishika kitu kimoja kimoja, akakung'uta hata viatu, akaingiza vidole ndani. Kisha akaomba seloteipu, akafunga mwenyewe.