Wembe wa Rwamba na Waya Mweupe

Saa nne na nusu asubuhi, kwenye duka la vifaa vya umeme mjini Meru, mteja mmoja hajatoa pesa. Ametoa wembe.

Anaitwa Rwamba, fundi wa umeme, mwanamke wa miaka hamsini na miwili. Ametoka kwao Mbeere, kule chini ya Embu, safari ya zaidi ya saa tatu. Anavuta ncha ya waya kutoka kwenye bunda, anachuna ganda, anatenga uzi mmoja mwembamba kama unywele na kuukwangua. Wekundu wa shaba unabanduka. Chini yake ni peupe.

"Hii ni aluminiamu mmeipaka rangi," anasema.

"Mama, mimi sikupaka. Mimi nauza tu," anajibu mwenye duka, Kiogora, mwanamume mnene mwenye kalamu sikioni.

"Hata anayeuza maziwa ya maji husema ng'ombe si wake."

Wateja wawili wanacheka. Kiogora naye anacheka, ila kwa upande mmoja wa mdomo.

Waya anaoutafuta Rwamba si wa nyumba. Yeye hutia umeme kwenye mashua za bwawa la Kiambere: taa, betri, na ile pampu ndogo inayokaa sakafuni kutema maji yanayoingia. Mashua hutikisika kutwa na sakafu yake haikauki. Kwa hiyo waya uwe wa nyuzi nyingi laini usije ukakatika, uwe mnene ili pampu iliyo mbali na betri ipate nguvu, na uwe shaba kweli.

"Nyumbani waya mbaya ukifa, unawasha mshumaa," anasema. "Kwenye maji utawasha nini?"

Ana sababu ya kuuliza. Miaka miwili iliyopita, mashua aliyoitia umeme kwa mikono yake ilikuwa katikati ya bwawa na abiria kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa mdogo wake, amebeba mtoto wa miezi mitano. Maji yakaanza kupanda. Swichi ikabonyezwa, pampu kimya. Walichota kwa beseni, kwa sufuria, kwa kofia, mpaka ng'ambo. Hakufa mtu. Lakini Rwamba alipouchuna ule waya aliouziwa kama shaba tupu, alikuta unga mweupe, aluminiamu iliyoliwa na maji.

"Muuzaji hakuulizwa. Walisema ni mimi nilitia uzi wa kushonea nguo," anasimulia. "Mdogo wangu mpaka leo akinisalimia anaangalia kando."

Tangu siku hiyo hamwamini mtu yeyote aliye nyuma ya kaunta. Maandishi kwenye ganda? Hata yeye akipewa wino ataandika. Risiti? "Risiti haielei."

Sasa chama cha akina mama wauza samaki kimenunua mashua ya abiria kumi na wanne, na kazi ya umeme amepewa yeye, kwa shilingi elfu sita. Huu ni mwezi wa pili, mashua bado imekaa juu ya mawe. Mwenyekiti wao, Wanjira, ameishiwa na uvumilivu.

"Fundi mwingine angemaliza kwa siku mbili," alimlalamikia juzi. "Wewe unachagua waya kama unachagua mkwe!"

"Mkwe mbaya anarudishwa kwao," Rwamba akamjibu. "Aliyezama anarudishwa wapi?"

Pale dukani, Kiogora anainama chini ya kaunta na kuibuka na bunda lenye vumbi. Bei ni shilingi mia mbili kwa mita, mara tatu ya ule wa kwanza. Rwamba anachuna ganda. Nyuzi zote ni nyeupe pe.

"Ngai! Siku hizi wizi hata haupakwi rangi?" Anakunja wembe wake kwenye karatasi na kuelekea mlangoni.

"Nyinyi watu wa Mbeere, ni hayo majani ya muguka mnayotafuna yanawaharakisha hivyo?" Kiogora anapaza sauti. "Ule mwingine uliukwangua. Huu unauhukumu kwa sura?"

Rwamba anarudi, kwa hasira tu. Anakwangua. Weupe unatoka, na chini yake ni pekundu. Anakwangua uzi wa pili, wa tano, wa kumi. Pekundu. Anawasha kibiriti na kuushika uzi motoni. Ule wa bandia hukatika na kudondoka. Huu unaiva kama kaa la moto na kubaki mzima.

"Hiyo ni shaba imevikwa bati, ndiyo maji yasiile," Kiogora anaeleza. "Ni waya wa mashua kabisa. Lakini hapa Meru mashua iko wapi? Nilimsaidia tu jamaa mmoja wa Embu, anaitwa Mutugi. Alinipa hili bunda moja, mengine bado yanamlalia stoo. Anasema kuna mama alisimama dukani kwake akamwita mwizi mbele ya watu, ati anauza aluminiamu. Tangu hapo mafundi walimkimbia."

Rwamba anaupinda waya, anaunyoosha, anaupinda tena.

"Nikatie mita moja," anasema hatimaye.

"Moja! Umetoka Mbeere mpaka Meru kwa mita moja?"

"Moja."

Mama huyo alikuwa yeye. "Ilikuwa wiki mbili baada ya ile mashua," anakiri akiwa nje, mbali na masikio ya Kiogora. "Niliona weupe, nikaona ule unga. Wembe ulikuwa mfukoni. Sikuutoa."

Nyumbani kwake karibu na Siakago, ile mita imekaa dirishani kwenye chupa ya maji ya bwawa, na ndani ametia konzi ya chumvi, "ili mwaka uje kwa mwezi." Kando yake kuna chupa nyingine yenye kipande cha waya wa bandia. Kila asubuhi huzitazama kabla ya kunywa chai. Siku ya ishirini na sita, chupa ya bandia imechafuka kama maji ya kuoshea mchele. Ile nyingine ni safi. Anautoa waya, anaufunga kwenye betri na taa. Taa inawaka, haipepesi.

Mashua inahitaji mita ishirini na nne. Mpango wake ni kuzinunua kwa Mutugi, Jumatatu, akikubali kumuuzia. Ataenda saa ambayo duka limejaa, kwa kuwa alimtukana duka likiwa limejaa. Siku ya kushusha mashua majini ataketi nyuma kabisa, karibu na pampu. Mdogo wake amesema naye atapanda, lakini baada ya kumwona Rwamba amepanda.

Na wembe, ataubeba kwenda kwa Mutugi?

Anautoa mfukoni, anautazama makali.

"Nitamwomba msamaha kwanza. Halafu nikwangue," anasema. "Msamaha ni wa Mutugi. Waya ni wa abiria."