Kipandio cha Tisa

Mtaa mzima ulimwita Milimita, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi. Seremala wa miaka arobaini kazini, mwepesi wa kucheka kazi za wenzake. Mlango ukikwaruza sakafu atauliza, "Huyu alipima kwa macho au kwa njaa?"

Asubuhi ile hakuwa na mzaha. Mke wa Mwalimu alimwita ang'oe zulia la ngazi, maana limepitwa na wakati na linanuka vumbi, apigilie mbao mpya. Ngazi aliijenga yeye miaka kumi na miwili nyuma, na zulia akalitandika yeye. Angekataa, angeitwa fundi mwingine, na huyo angekiona kipandio cha tisa.

Kipandio hicho kiliinuka kuliko vingine kwa vidole viwili. Alikosea kupima, akaona tabu kubomoa, akaficha kwa zulia. Macho yalidanganyika, mguu haukudanganyika. Mwaka uleule Mwalimu alijikwaa hapo, akaporomoka, akavunjika nyonga. Aliapa hakuonja hata tone la pombe. Nani amwamini? Lisemwalo lipo, mtaa ukasema, ukampachika jina la Mwalimu Chupa. Hata mkewe alimsihi aache pombe. Na Milimita, aibu yake hiyo, alicheka pamoja na mtaa.

Asubuhi hiyo alipanga kukirekebisha kimyakimya. Lakini Mwalimu alivuta kiti chini ya ngazi, mkongojo magotini, akakaa kutazama.

Cha sita. Cha saba. Misumari ililia kwenye koleo. Alipomaliza cha nane jasho lilikuwa limemwingia machoni, na mikono ikagoma.

"Vipi, fundi? Mbona umesimama?"

Angeweza kusema msumari umekwama. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Aliogopa, akavuta hivyo hivyo, na zulia likaachia.

"Mwalimu," alisema bila kugeuka, "siku ile hukuwa umelewa. Kipandio hiki nilikikosea mimi. Nilijua tangu ulipoanguka, nikanyamaza."

Alisikia kiti kikisukumwa. Alingoja mkongojo umshukie mgongoni, na angeshukuru.

Mwalimu alikuwa amegeukia jikoni, mkewe alikokuwa akiosha vyombo.

"Mama watoto! Acha hivyo vyombo, uje." Mkewe alipotokea mlangoni, mikono inachuruzika maji, Mwalimu alimtazama fundi.

"Sema tena," alisema. "Usipunguze hata neno."