Bushera Niliyoimwaga

Mwanangu, ipo siku moja ya soko hapa Gisenyi ambayo naikumbuka hata nisipotaka. Jana mezani, ulipokuwa ukitusimulia vituko vya watu wa huko unakosoma, jinsi wanavyokula, jinsi wasivyosalimiana, jinsi mwenye nyumba wako anavyokuchosha, wote tulicheka. Mimi nilicheka nawe, kisha siku ile ikanirudia, nikaacha. Uliniuliza mbona nimenyamaza, nikakwambia meno yananisumbua. Hayakuwa meno.

Wewe unanijua kama babu wa hapa, lakini mimi nilizaliwa Ujiji. Nililetwa huku miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala, nikiwa kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinachungulia. Baba yangu alikuwa akivusha vitambaa mpakani, akataka walau mwanawe mmoja ajue Kifaransa, asije akadanganywa tena kwenye forodha. Akanikabidhi kwa rafiki yake, Mzee Saidi, fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili, na mkewe Mama Zaina, aliyezaliwa milimani upande wa Nyundo. Watoto wao walisogezana mkekani ili mimi nipate kitanda.

Nami nililalamika. Ee, nililalamika! Baridi ya hapa iliniingia hadi kwenye mifupa. Chakula leo maharage na viazi, kesho viazi na maharage. Ziwa kubwa namna hii, nikawa nasema, na samaki hakuna! Kwetu tulikula migebuka mpaka tukaichoka, na hizi sambaza, visamaki mnavyokaanga siku hizi, zilikuwa hazijaletwa bado. Shuleni ukiteleza ukasema Kiswahili unachapwa, na Kifaransa chenyewe kilinikwama kooni. Mtaani nikijaribu Kinyarwanda watoto wanashika matumbo kwa kicheko. Nilijionea huruma kila siku, tena nikaipenda ile huruma.

Lakini kilichonikera kuliko yote ni bushera. Mama Zaina alikuwa akipika bushera, kile kinywaji kitamu cha mtama kisicholevya, akiiuza mbele ya nyumba siku za soko. Wachukuzi na wauza mboga walioshuka milimani waliipenda sana. Na kila niliporudi shule alinichotea kibuyu, akapiga funda moja yeye mwenyewe mbele ya macho yangu, ndipo akanipa. Mwanangu, kwetu kumpa mgeni kitu ulichokwisha kukitia mdomoni ni kumpa makombo. Nikaona huyu mama ananidharau. Sikumuuliza. Nilikuwa nakwenda nacho nyuma ya nyumba, namwaga kwenye migomba, halafu narudi nikipangusa mdomo na kusema asante.

Siku hiyo ya soko mwalimu alikuwa amenichapa mbele ya darasa zima, na mvua ikanilowesha kutoka shule hadi nyumbani. Nikamkuta Mama Zaina amezungukwa na wateja wake. Aliponiona akaacha kila kitu.

"Yoo, mwana wanjye, umelowa! Kuja hapa, kunywa kidogo, utapata nguvu."

Akachota, akapiga funda lake, akaninyooshea. Sijui ni shetani gani alinipanda. Hapana, nisimsingizie shetani. Nilikipokea kile kibuyu, nikakigeuza, nikaimwaga bushera yote chini, mbele ya miguu yake.

"Kunywa mwenyewe," nikasema. "Mimi sinywi kitu chako."

Watu wakanyamaza, nami nikadhani wameniogopa. Niliingia ndani nimeridhika kabisa, nikabadili nguo. Nilipochungulia dirishani nikaona mchukuzi mmoja anaweka kibuyu chake chini, hajafika hata nusu. Mwanamke mmoja akamvuta mwenzake mkono. Wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga, na hapa mtu haondoki bila kuaga.

Siku ya soko iliyofuata chungu kilitoka kimejaa, kikarudi ndani kimejaa. Mama Zaina alinipakulia chakula kama kawaida, ila nyimbo alizozoea kuimba jikoni zilikoma. Mzee Saidi ndiye aliyeniita kwenye cherehani yake. Hakupandisha sauti, na mimi ningependa zaidi kama angenipiga.

"We mutoto, unajua mama anaonjaka mbele yako kwa nini?"

"Ananipa makombo," nikajibu, kichwa bado kiko juu.

Akasimamisha gurudumu la cherehani. "Makombo? Bon, sikiliza. Huku watu wanaogopa sumu sana. Mwenye kukupa kinywaji anakunywa wa kwanza, uone na macho yako haiko kitu mubaya ndani. Ile ni heshima, mutoto. Sasa we unalala kwake, unakula kwake kila siku, halafu unamwanga bushera yake mbele ya watu, unasema hunywi kitu yake. Watu watawaza nini? Watasema huyu iko anaishi mule ndani, ameona kitu. Donc sasa huko sokoni, mama anaitwa murozi."

Murozi ni mtu anayewawekea wenzake sumu. Mwanamke akishaitwa hivyo hapa, biashara yake imekufa, majirani wanampitia mbali, na binti zake hawapati wa kuwaoa. Nikakumbuka ile migomba, na mara zote nilizorudi kusema asante naye akafurahi. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Niliona aibu wakati ule, na naona aibu sasa hivi ninapokusimulia.

Kwanza nilijaribu njia ya mkato. Nilizunguka mtaani nikieleza kwamba ilikuwa hasira tu, kwamba sikujua desturi. Watu walinisikiliza kwa adabu, wakaitikia "Eh, tumesikia," na hawakuja. Mzee Saidi akatikisa kichwa.

"Waliona na macho," akaniambia. "Maneno haitatosha. Waone tena na macho."

Basi siku nyingine ya soko nikatoka mbele ya nyumba, watu wakipita wanatazama pembeni, nikapiga magoti kwenye udongo ule ule. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yote yakanitoroka.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Naomba bushera."

Akafunua chungu. Kisha akachota kibuyu kikajaa, akaninyooshea. Hakuonja.

Nilijua sasa amenikataa, hanipi tena hata ile heshima anayompa mpita njia. "Mama, onja kwanza," nikamwomba, na wachukuzi wameshasimama wanasikiliza. "Onja kama siku zote."

"Mi naonjeaka wageni," akasema, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara. "Batoto yangu, uliona siku moja nikibaonjea? Kunywa."

Ilikuwa kweli. Watoto wake niliwaona kila siku wakipewa vibuyu vyao hivi hivi, bila lile funda la kwanza. Na mimi niliyemharibia jina, alikuwa ananihesabu pamoja nao. Nilikunywa mpaka mwisho huku nalia mbele za watu, kijana mzima. Tena ilikuwa tamu sana, mwanangu, na muda wote ule nilikuwa nainywesha migomba.

Yule mchukuzi aliyeweka kibuyu chini siku ile ndiye aliyesogea wa kwanza na kuomba chake. Wengine walirudi polepole. Jirani wa mlango wa pili hakurudi. Mama Zaina amezeeka, amekufa, tumemzika, na yule jirani hakugusa kitu kutoka mkononi mwake hata siku moja, wala hakuja matangani. Hilo ni langu, na sina tena wa kumpigia magoti.

Kesho kutwa unarudi ugenini. Baridi ya huko ni kweli, upweke ni kweli, na wenye nyumba wengine ni wabaya kweli, sikwambii uvumilie kila kitu. Nakuomba tu, mtu akikufanyia jambo likakuchoma, muulize kwanza, "Huku kwenu hii maana yake nini?" Ukiona haya kuuliza, haya hiyo itaisha siku ile ile. Yangu bado ninayo na mvi hizi. Na usimwage nyuma ya nyumba huku ukisema asante mbele. Ningemwambia Mama Zaina siku ya kwanza kwamba sipendi, angecheka, angenieleza, yangeisha.

Mungu akufikishe salama, akulinde na ulimi wako mwenyewe, na huko uendako akupe nyumba ambayo siku moja watakuchotea bila kuonja. Haya, shika hiki kikombe. Ni bushera, nimeipika mwenyewe asubuhi. Sijaionja.